Kui na Sumaku ya Kilimani

Kui alitoka chooni, alikokuwa akikamua maziwa ya mtoto, akaweka kikombe cha maziwa hayo kwenye friji ya chai, akanawa mpaka viwikoni, akarudi kwenye damu.

Maabara ilikuwa Kilimani, juu ya saluni. Kazi yake ilikuwa kutenga seli nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa. Unatia ndani ya damu chembe za chuma ndogo kuliko vumbi, kila moja imepakwa dawa inayong'ang'ania aina moja tu ya seli. Unasimamisha kichupa kando ya sumaku. Zilizong'ang'aniwa zinavutwa na kujibandika ukutani mwa kichupa, nyingine unazimwaga. Zilizobaki ziko hai, kwa hivyo unaziweka pahali pa joto na kuzilisha.

Siku hiyo mtu wa kutoa damu hakufika. Desturi ya pale ni kwamba aliye karibu na kiti ndiye anakunja mkono wa sweta. Karibu alikuwa Kui.

Seli zake zilitoka nyingi na zenye nguvu, kwa sababu ya uji wa mama mkwe. Daktari Quincy, mkubwa wa maabara, alizisifu. "Hizi ndizo tutatumia," akasema. "Sitafuti mtu mwingine."

Jumamosi Kui alikuwa kwake Mutuini akianika nepi. Alihisi anavutwa mbavuni, kama mtu anayevutwa sweta na mtoto. Kisha akaanza kuteleza. Akapita mboga za mama mkwe, akapita geti, akashika barabara akiwa wima, patipati miguuni, kibanio cha nguo mdomoni.

"Kui, unaenda wapi na kibanio?" mama mkwe akauliza.

"Kazini, Mama. Nadhani wameweka sumaku."

"Basi pitia maziwa ukirudi."

Aliteleza Waithaka, akateleza Dagoretti Corner, akapita Jamhuri, ambapo kondakta mmoja alimwambia asizibe njia. Alipofika maabara akajibandika kwenye mlango wa friji yenye sumaku ndani mpaka Daktari Quincy alipotoa kichupa kwenye sumaku.

"Umekuja? Vizuri. Kuna vichupa vya kuosha."

"Daktari, leo ni off yangu."

"Na hakuna mtu amekuita, Kui. Umekuja mwenyewe."

Kui alifikiria jambo hilo akiosha vichupa. Kila alipoligeuza, lilikuwa na sura ya ukweli, na hapo ndipo lilipomuudhi.

Aliomba jambo moja tu: Jumapili ya mwisho wa mwezi isiguswe. Mtoto wake, Mungai, alikuwa anabatizwa, na Kui alikuwa amejiapiza kwamba atamshika mwenyewe, kwa mikono yake, mpaka maji yamguse kichwa. Hatua za kwanza za mtoto zilikuwa zimempita akiwa kazini, jino la kwanza pia.

"Jumapili ni yako," Daktari Quincy akasema. "Nani amekukataza?"

Jumapili hiyo Mchungaji Wahome alikuwa amefika kwenye "Ninakubatiza" Kui alipovutwa mbavuni. Akamkumbatia Mungai, akateleza kupita madhabahu na kwaya, akatoka mlangoni. Mchungaji alichukua bakuli la maji akamfuata. Kwaya ikafuata mchungaji, maana haikuwa imeambiwa ikae. Mama mkwe alikuja nyuma na sufuria ya pilau, akisema hawezi kuwaachia watu wasioeleweka.

"Punguza mwendo!" mchungaji akaita, akihema.

"Si mimi, Mchungaji! Ni kazi!"

"Kazi gani hiyo ya Jumapili?"

"Ni utafiti!"

Mchungaji akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wa ukoo. Maji yalikuwa yakimwagika. Walipofika Dagoretti Corner yalikuwa yamebaki kiganja kimoja, basi akakimbia bega kwa bega na Kui, akamalizia maneno, akamnyunyizia Mungai kichwani. Kui alikuwa bado amemshika. Vigelegele vilipigwa, hata na mwanamke wa mahindi ya kuchoma aliyekuwa hamjui mtu.

Pilau ililiwa ngazini mwa maabara. Daktari Quincy alikula sahani mbili, akamwambia mchungaji kwamba anafurahi sana kuona wafanyakazi wakileta familia. Kisha akamwita Kui ndani, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja Jumatatu na seli hazikuwa zimelishwa.

Kui alizilisha. Zilikuwa zake, hazikuwa na kosa.

Jioni, nyumbani, alimlaza Mungai kwenye mkeka, akakaa kando yake kukunja nepi. Katika darasa la jioni alikosomea kazi ya maabara, mwalimu aliwahi kuwaambia kwamba seli chache za mama hubaki ndani ya mtoto miaka mingi baada ya kuzaliwa. Kui alikuwa amelipenda sana jambo hilo, akalirudia kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mungai alicheka usingizini. Kisha akateleza kidogo kwenye mkeka, upana wa vidole viwili, kuelekea Kilimani.

Kui alimrudisha pahali pake. Akachukua leso, akafunga ncha moja kwenye mguu wa mtoto, polepole asimwamshe, na ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda. Akaijaribu kwa kuivuta. Ilishika. Akaendelea kukunja nepi.