Nyuki Hawasubiri Nukta

Magreth alikuwa ametunga lugha isiyo na msemaji. Kila mlio wa nyuki aliupa herufi yake, na herufi akazipangia kanuni: zikifuatana hivi, kundi limetulia, zikifuatana vile, linajiandaa kuhama. Chuoni, mbele ya sauti zilizorekodiwa, kompyuta yake haikukosea hata mara moja, naye kichwa kikamvimba kidogo, tusimfichie.

Lakini kijijini kwao, Kinampanda, kazi ikamtoa jasho. Marehemu baba yake aliacha mizinga mitatu. Nyuki wa miwili walihama ndani ya mwezi mmoja, na mara zote simu yake, iliyopokea majibu ya kompyuta, ilimwambia “wanahama” wakiwa wameshavuka shamba la alizeti. Jibu lilikuwa sahihi, ila lilichelewa dakika kumi, na katika fani yake jibu la kuchelewa ni kosa, hakuna alama za huruma. Ulibaki mzinga mmoja. Mama yake, Klara, ambaye kila asubuhi alimaliza salamu kwa kuulizia nyuki wa mumewe, aliacha kuwaulizia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umeamkaje?”

Macho ya Magreth yalikuwa kwenye kompyuta.

“Dada yako Catherine hajambo huko mjini? Na mumewe? Na watoto?”

“Wote wazima, mama.”

Klara akatua ndoo. “Nimekuuliza watu chungu nzima, unanijibu mara moja kama unafunga mkutano? Salamu inajibiwa inapofika, mwanangu. Ukingoja nimalize, utanikuta nimeshaondoka.”

Magreth akacheka, kisha cheko likamkatika. Hata kompyuta yake ilingoja sentensi iishe ndipo iamue, na nyuki humaliza yao kwa kuruka. Akaona aibu, akaona na furaha. Siku mbili aliandika kanuni upya, kila herufi ijibiwe palepale: bado, bado, bado, karibu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikalia nyuki wakiwa bado ndani. Klara alifukiza moshi, akahamisha nusu ya masega na nyuki wake kwenye mzinga mtupu, ili wasibanane wakahama. Mama na mwana wakangoja hadi jua likapinduka. Hakuna kundi lililoruka.

Kesho yake Klara alisalimia kama kawaida: Catherine, mumewe, watoto. Magreth akajibu mmoja mmoja. Mama akageukia mizinga.

“Na nyuki wa baba yako?”

“Hawajambo, mama,” alijibu upesi, kabla machozi hayajamuwahi.