King'ora cha Bi Rahila

Mjaka alikuwa na woga mmoja tu hapa duniani, nao ni mkarafuu. Si kuuona, kuupanda. Miguu yake ikipita futi sita juu ya ardhi huanza kutikisika kama cherehani, na mwenyewe huanza kusoma shahada. Ndiyo maana alijifunza ufundi redio akafungua kibanda Madungu, mahali ambapo kitu cha juu kabisa cha kupanda ni kigoda.

Sasa kibanda chenyewe kilikuwa hatarini. Msimu uliopita mama mkwe wake, Bi Rahila wa Mtambile, alimwachia karafuu alizoanika juani juu ya majamvi, alinde zisirowe. Mjaka akakaa nazo, akafungua redio ya mtu aitengeneze, mvua ikaja, ikanyesha, ikaondoka, naye bado anatafuta waya uliokatika. Majamvi matatu yakaharibika, karafuu zikavunda zikapauka kama meno ya mzee.

"Mwaka huu zikirowa tena," Bi Rahila alisema, taratibu, na taratibu yake ndiyo iliyotisha, "hicho kibanda chako ufunge. Utakuja hapa upande mikarafuu kama wanaume wenzio."

Basi msimu ulipofika Mjaka akakiacha kibanda kwa muda, akahamia Mtambile kwa mkwewe, akaamua kutengeneza mashine ya kuitambua mvua.

Ya kwanza ilikuwa kibanio cha nguo kilichozuiwa kisijifunge na kidonge cha sukari. Tone likidondoka, sukari inayeyuka, kibanio kinabana, waya zinagusana, kengele inalia. Akili tupu! Ikalia saa sita mchana, jua linachoma utosi. Mtaa mzima ukaja mbio kuanua, maana Mtambile mvua ya karafuu haina mwenyewe: wa kwako na wa jirani wote mnakimbia. Walipomaliza kubeba majamvi manane ndani, wakamkuta Mjaka ameinamia mashine. Sukari ililiwa na sisimizi.

Akaweka chumvi ya mawe. Sisimizi hawaitaki, lakini umande unaipenda mno. Ikalia alfajiri, watu wanatoka msikitini.

Akaacha vya kuyeyuka, akalaza waya mbili juu ya ubao, zikaribiane bila kugusana, maji yaziunganishe. Mbuzi wa jirani yake Othman akapita, akasimama juu ya ubao, akafanya haja yake ndogo.

"Mvua ya moto hiyo!" Othman akapiga kelele barazani kwake, anajipiga mapaja. "Anueni jamaa, anueni!"

Hakuna aliyeinuka.

Mjaka hakukata tamaa. Alichora, akajenga, akajaribu, akachekwa, akarekebisha. Ubao akaupeleka juu ya bati, umelazwa upande ili maji yateremke, mbali na mbuzi. (Aliyepanda kuuweka ni mkewe, Yumna. Mjaka alishika ngazi, macho ameyafumba.) Sasa mashine ikawa sahihi kabisa. Siku ya tatu, Bi Rahila akiwa shambani, manyunyu yakaanza, kengele ikalia palepale.

Othman hata hakugeuza shingo. "Kunguru huyo kanya."

Mjaka na Yumna wakaanua wawili tu, wanapigana vikumbo mlangoni. Bahati manyunyu yakakatika. Jamvi moja lilipata unyevu, wakaligeuzageuza kwa mikono mpaka magharibi ili Bi Rahila asijue.

"Mashine yako nzima," Yumna alisema akihema. "Wabovu watu. Nani anakimbilia kengele? Mtu hukimbia akimsikia mama."

Hapo Mjaka akaliona kosa lake. Kweli, alikuwa anatengeneza waya, na kilichoharibika ni masikio. Lakini mkwe haombwi akupigie kelele uzirekodi kwenye simu. Mkwe hata kikohozi chake unakisikiliza umeinamisha kichwa. Ingebidi kelele zenyewe azichokoze.

Asubuhi yake, Bi Rahila akiwa jikoni anachambua mchicha, Mjaka akaficha simu nyuma ya mtungi, akazunguka nyuma, akarusha ndoo nzima ya maji juu ya bati.

"Mvua! Mvua nyinyi! Karafuuu! Mjaka! Mjaka we! Umekaa kama gunia la makumbi, inuka! Ndiyo maana n'lisema Yumna aolewe na yule muuza ng'ombe wa Wingwi!"

Akatoka mbio, kanga begani, akakuta jua na mkwewe ameshika ndoo.

"Nasafisha bati, mama."

Bi Rahila akamtazama, akalitazama bati, akarudi kwenye mchicha wake.

Mjaka aliisikiliza ile sauti mara tatu. Ilikuwa nzuri kupita alivyotarajia, ila mpaka lile la muuza ng'ombe lilikuwa ndani. Kulikata asingeweza, simu yenyewe ilikuwa kuukuu. Achague: atukanwe mbele ya mtaa, au apande mkarafuu. Akaitoa kengele, mahali pake akaunganisha ile sauti na spika ya harusini iliyoungua upande mmoja.

Juma lililofuata Bi Rahila na Yumna wakaenda mazikoni Wete. Mjaka akabaki na majamvi manane na usingizi. Usingizi ukashinda.

"MVUA! MVUA NYINYI!"

Aliruka na viatu vya mkewe. Majirani walikwisha kutoka. Othman ndiye wa mbele, anakunja ncha za jamvi huku shingo ameigeuzia spika. "Subirini, lile la ng'ombe linakuja! Haya, hilo!" Wakabeba wanacheka, wanacheka wanabeba, na mvua ya mkupuo ilipotua uani ilikuta udongo mtupu.

Ila ufundi una kasoro zake. Mjaka hakuweka kitufe cha kuzimia. Bati limerowa, spika inatukana, inamaliza, inaanza upya. Bi Rahila alipoteremka kwenye gari barabarani akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyumbani kwake, inamtaja muuza ng'ombe.

Akaingia moja kwa moja ndani. Watu wakatafuta njia za kupita. Mjaka akainamisha kichwa.

Bi Rahila akapiga goti kwenye lundo, akachukua karafuu moja, akaivunja. Taa! Kavu. Akachukua ya jamvi jingine. Taa!

"Na hilo la muuza ng'ombe..." alisema.

"N'talifuta, mama. Wallahi leo leo."

"Ulifute? Ukilifuta, huyu Othman atakimbilia nini?" Akajifunga kanga vizuri, akakaa juu ya kigoda. "Kesho kafungue kibanda chako. Lakini pale mwishoni sauti imekwama kama nina pumu. Lete hiyo simu, n'tukane vizuri."