Aliyejificha Mbele ya Mama Yake

Tanuri la karakana lililipuka saa nne asubuhi, siku ya pili ya likizo. Ndani walikuwamo watatu. Baba mdogo alikuwa anakoroga alumini iliyoyeyuka. Mwanawe wa miaka kumi na mitano, waliyemwita Mrefu, alikuwa anamletea makopo chakavu ya kuyeyusha. Na Chiriku, binti wa kaka yake, aliyekuwa na miaka kumi na saba na mdomo usiopumzika, alikuwa anashindilia mchanga kwenye kalibu za kumiminia sufuria.

Baba mdogo alikufa palepale. Chiriku walimkuta amelala kifudifudi, uji wa alumini umemgandia mgongoni, nguo zimeteketea, na mwilini hana hata lengelenge moja. Mrefu hakuonekana, si mzima wala maiti.

Siku ya mazishi, mama mdogo alimshika Chiriku mkono, akaugeuzageuza.

"Kama moto haukuunguzi, mwanangu, mbona hukumkinga mume wangu?"

Chiriku, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, aliutoa mkono wake taratibu, akaondoka. Angejuaje kabla ya siku ile kwamba moto haumuunguzi? Jioni ile alichukua kaa jekundu la moto jikoni, akalifumbata mpaka likazimika lenyewe. Halikumuuma hata kidogo. Akalia kama mtoto.

Wiki ikapita. Asubuhi moja alikwenda kwa mama mdogo kumsaidia kazi, akakuta nyumba tupu. Alipopita chumbani kwa Mrefu akaona godoro limebonyea katikati, na juu yake kipande cha mkate kinaelea, kinapungua kidogo kidogo.

"Mrefu?"

Mkate ukaanguka.

"Dada, usimwambie mama."

Sauti ilikuwa yake, lakini juu ya godoro hapakuwa na mtu. Chiriku akapapasa hewa mpaka akagusa goti.

"Toka huko ulikojificha!"

"Siwezi. Tanuri lilipolipuka nilitamani nisionekane na mtu yeyote. Tangu siku ile ndiyo hivi."

"Lakini kwa nini usionekane?"

"Yale makopo yalikuwa na maji. Baba aliniambia niyaanike kwanza, mimi nikaona uvivu. Nikamwambia yamekauka. Akayatia kwenye uji wa moto, maji yakalipua tanuri."

Chiriku alisimama ghafla. Aliinua mkono ampige, akakosa pa kuupeleka. Akaketi sakafuni.

"Unajua mama yako yuko wapi?" akauliza hatimaye. "Yuko karakana. Kila siku anachekecha majivu. Anatafuta mifupa yako."

Godoro likainuka. Mrefu alikuwa amesimama.

Walimkuta mama mdogo amechuchumaa penye tanuri lililopasuka, chekeche mkononi, mikono imekuwa ya kijivu hadi kwenye viwiko. Pembeni alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Mama," Mrefu akasema.

Chekeche likamtoka mkononi. Alitazama mlangoni, akatazama kila pembe, akamwona Chiriku peke yake.

"Mama, niko hai. Ila mimi ndiye niliyemuua baba."

Akamweleza yote, ya makopo, ya uvivu na ya uongo, bila kujipunguzia hata neno. Alipomaliza, mama yake aliendelea kuchuchumaa vilevile.

"Uko wapi?"

"Hapa."

"Hapa ndiyo wapi? Nisipokuona siwezi kukupiga wala kukushika."

Akainuka, akanyoosha mkono akipapasa, akapata shati, akapanda begani, akalishika sikio. Akalivuta kwa nguvu zake zote. Na sikio ndilo lililoonekana kwanza, jekundu kati ya vidole vyake. Kisha shavu lililolowa machozi, kisha shingo nyembamba, mpaka Mrefu akasimama mbele yake mzima, amekonda.

"Ulimdanganya baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Hilo leo sitakusamehe. Usinibembeleze." Akaliachia sikio. "Lakini wewe nilikuwa nimeshakuzika."

Akamvuta kifuani, majivu na yote. Walilia wakiwa wamesimama. Chiriku alitaka kuwaacha wenyewe, lakini alipogeuka mama mdogo akamwita.

"Na wewe, neno lile nililokuambia mazishini..."

"Lilikwisha, mama mdogo."

"Halikwisha. Nisamehe."

Hapo Chiriku naye akalia.

Mrefu hakupona siku ile. Mpaka leo, mtu akimtaja baba yake ghafla, huanza kufifia, vidole kwanza, kisha mikono. Hapo Chiriku huvuta kiti karibu naye na kuanza kusimulia lolote linalomjia kichwani, la shuleni, la majirani, uzushi mtupu wakati mwingine. Mama mdogo naye hushika panapobaki kuonekana, hamwachii, hata chakula kikiungua jikoni, mpaka mwanawe arudi mzima.