Imebaki Vifungo Tu

Kila fundi wa nguo ana uongo wake, na wake yeye ulikuwa huu: "Imebaki vifungo tu." Unaenda kuulizia gauni lako, anakutazama usoni bila kupepesa, pini zimejaa mdomoni, anakwambia imebaki vifungo tu, njoo kesho. Kesho ukienda, vifungo bado. Wakati mwingine gauni lenyewe hata halina vifungo, ni la kuingiza kichwa! Ndiyo maana wateja walimbandika jina la Fundi Kesho, naye akalipokea kwa kicheko, maana kushona alikujua hasa, na mtu akishavaa kazi yake alisahau matusi yote aliyokuwa ameyapanga njiani.

Sasa mwaka huo na yeye akaonjeshwa. Fundi Kesho, mtu mzima, mama wa watu, miwani ya kusomea imening'inia kifuani, alikuwa anasubiri mashine ya kuchezea gemu. Cheka kwanza, ukimaliza nitaendelea.

Haikuwa ya mtoto. Ilikuwa yake. Ile ndogo ya kushika kwa mikono miwili, yenye kioo katikati na vitufe huku na huku, ambayo ilikuwa bado haijatoka na watu walikuwa wanaweka oda mapema wasije wakaikosa. Fundi Kesho aliweka oda siku ile ile alipopata habari, na habari aliipata kwa mdogo wake.

Mdogo wake huyo tangu utotoni aliitwa Kidole, kwa jinsi kidole gumba chake kilivyokuwa hakitulii. Mjomba wao aliwahi kuwaletea mashine moja ya gemu, ya kijivu, nzito kama kipande cha sabuni, wakawa wanaigombania kutwa nzima. Betri walizinyofoa kwenye redio ya mama yao, mama akazinyofoa tena kuzirudisha redioni, na maisha yakaenda hivyo. Kitufe kimoja kilipong'oka, dada mtu akagundisha kifungo cha shati mahali pake, na mchezo ukaendelea. Ulikuwa mchezo wa mnara. Unapanda, unaruka, unaanguka, unaanza upya. Walipanda mpaka juu kabisa, wakakuta mlango, na mlango ukawaambia: hapa wanafungua wawili, kila mmoja na mashine yake. Wao walikuwa nayo moja. Basi. Waliutazama mlango ule mpaka mashine ikafa, na hawakuufungua kamwe.

Kidole alipokua akaenda mbali kuendesha kreni, na kadiri miaka ilivyokwenda simu zake zikakauka. Mama hajambo? Hajambo. Kazi je? Tunapambana. Haya, wasalimie. Hakuna aliyemkosea mwenzake, maneno tu yalikuwa yamewaishia. Halafu asubuhi moja simu ikaita, na kabla hata ya salamu mtu akapiga ukelele sikioni mwake: "Dada! Wameurudisha mnara!"

Alikuwa Kidole, yule yule wa zamani. Akamweleza kwa pupa kwamba kuna mashine mpya inakuja na mnara ndani yake, na safari hii watu wawili wanaweza kucheza hata kama mmoja yuko upande huu wa dunia na mwingine ule, na wanasikiana sauti. "Mimi nimeshaagiza. Na wewe agiza, Dada, tuanze pamoja. Jumamosi ya kwanza ikishatoka, mimi sipo zamu. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema. Alikuwa amemkumbuka mdogo wake vibaya sana, na mpaka dakika ile alikuwa hajui.

Mashine yenyewe ilikuwa inauzwa na Miwani, mwenye duka la vitu vya umeme pale kona, ambaye macho yake yalionekana makubwa kupita uso kwa ule unene wa vioo. Dukani kwake mashine za gemu zilikuwa za aina mbili: ya mezani, inayochomekwa kwenye televisheni, na ya mkono. Miwani alikuwa na sharti moja tu. "Zinakuja chache, fundi. Ikifika nitakupigia. Nataka ndiyo au hapana pale pale, maana nyuma yako kuna foleni."

Tangu siku hiyo Fundi Kesho hakupita kona ile bila kuchungulia dukani. "Imefika?" "Bado, fundi." "Lini?" Miwani anafuta vioo vyake taratibu. "Labda kesho." Neno hilo lilimchoma kama pini, na alirudi kazini akimlaani. Kwamba ndilo neno analowapa watu kila siku ya Mungu, wala halikumjia akilini. Akikaa kwenye cherehani, vidole gumba vyake vilikuwa vinabonyeza juu ya kibweta cha nyuzi, vikifanya mazoezi vyenyewe.

Jambo moja alilificha. Hakumwambia mama yake. Walikuwa wanakaa wote kutwa chumba kile cha kushonea, binti kwenye mashine ya umeme, mama kwenye kiti chenye mto akichomoa bandi, zile nyuzi za kushikiza kwa muda, na kukunja mapindo, na bado binti aliona haya kumwambia mzazi wake kwamba kwa umri ule ameagiza kidude cha kuchezea.

Haya ndiyo yaliyomponza. Jumatano alitoka kwenda kutafuta bitana na zipu, akaiacha simu kwenye chaji. Ikaita, mama akaipokea.

"Haloo! Mimi mama yake, ametoka."

"Shikamoo, mama. Naitwa Miwani, wa dukani. Ile mashine ya mkono imefika. Mnaichukua, au nimpe anayefuata?"

Wewe na mimi tunajua ni mashine gani. Lakini kwa mama yule, mashine ya mkono ilikuwa moja tu duniani: cherehani ya kuzungusha kwa mpini. Aliizungusha hiyo maisha yake yote, kwa cherehani hiyo alilea watoto, na mkono wake wa kulia mpaka leo ulikuwa unalala ganzi kila baridi ikiingia. Aliapa zamani kwamba mwanawe hatashika ule mpini.

"Ya mkono?" alisema mama, akajinyoosha kitini kwa fahari. "Ahsante, mwanangu, lakini sisi huko tumeshatoka. Hapa tuna ya miguu na tuna ya umeme. Mpe huyo anayefuata, maskini, huenda ndiyo anaanza maisha."

"Una hakika, mama?"

"Kama ninavyokaa hapa."

Binti aliporudi, mama alisubiri mpaka ameketi na kushika mkasi, akamwambia, "Leo nimetenda wema. Kuna mtu wa dukani alitaka kutubandika mashine ya mkono. Nimemwambia ampe mwenye shida."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. "Mama. Nani? Miwani?"

"Huyo huyo. Kijana ana adabu kweli."

Machozi yakamtoka Fundi Kesho. Mama akashtuka. Hapo ndipo yote yakamwagika: kwamba ile si ya kushonea, ni ya gemu, ni kwa ajili ya Kidole, wamepanga Jumamosi, yeye kule na mimi hapa, Mama, tumeshaahidiana.

Mama aliweka kando nguo aliyokuwa anaikunja. Halafu akauliza taratibu, "Ni ule mnara? Wenye mlango?"

"Unaukumbuka?"

"Nisiukumbuke vipi, na mliniulia redio!" Akashika kichwa. "Ole wangu! Nimewanyima wanangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nenda. Usikae hapo unalia, kimbia!"

Akakimbia, shanga, tepu ya kupimia na vyote vikiruka shingoni. Miwani aliinua mikono. Aliuliza mara mbili, akajibiwa mara mbili, na anayefuata alikuja hapo hapo akachukua. Mzigo mwingine hajui utakuja lini. Ni nani? Aa, huyo si mgeni, ni Mwalimu, yule wa hesabu pale shuleni.

Mwalimu! Kati ya watu wote wa mji mzima, Mwalimu! Maana Mwalimu alikuwa anaoa Jumamosi hiyo hiyo, na suti yake ya harusi ilikuwa kwa Fundi Kesho, na kila alipokuja kuiulizia aliambiwa imebaki vifungo tu. Ukweli? Kitambaa kilikuwa kabatini kimekunjwa vile vile alivyokileta.

Akapiga moyo konde, akaenda. Mwalimu alifungua mlango, na boksi lilikuwa juu ya meza nyuma yake, bado kwenye nailoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Alipofika kwenye "huenda ndiyo anaanza maisha," Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama yako ameniombea dua bila kujua! Mimi kweli ndiyo naanza maisha." Akajifuta macho. "Sikiliza, fundi. Mimi nilikuwa nimeweka tu mpaka harusi ipite, mchumba wangu akiniona nayo wiki hii nitaoa hewa. Tunaweza kuelewana, nitasubiri mzigo ujao. Ila na suti yangu je?"

"Imeba—" alianza, ulimi umeshazoea njia. Akaukamata. Alimtazama bwana harusi yule, uso umemjaa furaha, na akaona haya ambayo hajawahi kuiona tangu ashike sindano. "Mwalimu, haijakatwa."

"Haijakatwa nini? Nyuzi?"

"Kitambaa. Sijakikata."

Furaha ikamhama Mwalimu usoni yote. Alikwenda mezani, akaweka mkono juu ya boksi, na akasema kwa ile sauti ya darasani, "Basi na mashine yako imebaki vifungo tu. Njoo Ijumaa. Uje na suti."

Fundi Kesho alirudi mbio kama alivyokwenda, na alipoingia ndani akakuta mama yake amesimama juu ya kigoda, anavuta kitu kizito kutoka juu ya kabati, kimefungwa shuka. Ilikuwa cherehani yake ya mkono.

"Mama, shuka, utaanguka! Ya nini hiyo?"

"Ya miguu magoti yangu hayaitaki, na hiyo yako ya umeme inanikimbia. Hii inanijua." Akapuliza vumbi. "Nimekukosesha ya mkono, nitakurudishia kwa ya mkono. Kata kitambaa."

Wakashona, jamani. Binti koti, mama suruali. Umeme unanguruma huku, mpini unazunguka kule, tiki tiki tiki, na mama anaimba nyimbo ambazo mwanawe hakuzisikia tangu enzi za redio. Mkono ukifa ganzi anautikisa, anautukana kidogo, anaendelea. Wateja walikuja kuulizia vyao, na Fundi Kesho akawajibu bila kuinua kichwa, "Chako sijakianza. Njoo wiki ijayo." Mteja mmoja alishika kizingiti asianguke. Ukweli, kwa Fundi Kesho! Alikwenda kuwatangazia majirani.

Ijumaa mchana walifika kwa Mwalimu wote wawili, suti begani kwa binti. Mwalimu aliivaa, akajigeuza mbele ya kioo, mabega yamekaa, suruali imeanguka sawasawa juu ya viatu. Alikuwa amependeza mpaka mama akapiga kigelegele. Kisha akataka kufunga koti, na mikono yake ikapapasa kifuani bila kupata kitu.

Fundi Kesho akameza mate. "Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "imebaki vifungo tu."

"Wewe mwanamke!"

"Safari hii ni kweli! Haki ya Mungu, ninavyo hapa!" Akavimwaga kiganjani, akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, na akavishona pale pale, bwana harusi amesimama wima kama mlingoti, mama akimshikia koti na kumwambia asicheke atachomwa. Cha mwisho kilipokazwa, Mwalimu alichukua boksi mezani mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.

Jumamosi, harusi ilipokwisha kupita na matarumbeta yake mtaani, mama na binti waliketi ukingoni mwa kitanda. Mama akaipokea ile mashine kwanza, akaigeuzageuza. "Mpini uko wapi?"

"Haina mpini, Mama."

"Na inaitwa ya mkono! Dunia ina mambo."

Kioo kikawaka. Na mchezo mpya haukuanzia chini ya mnara. Ulianzia pale pale wa zamani ulipokomea, mbele ya mlango. Kijitu kimoja chenye kofia kilikuwa kimekaa chini hapo, kimeegemea ukuta.

"Dada?" Sauti ya Kidole ikajaa chumba. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Umefika lini hapo?"

"Tangu juzi. Yangu ililetwa mapema."

"Mbona hukuzunguka ukaona mengine? Tangu juzi yote hiyo unafanya nini?"

"Nakusubiri," alisema Kidole. "Ningekwenda wapi bila wewe?"

Vidole gumba vya Fundi Kesho, vilivyofanya mazoezi miezi yote ile, vikaanza kazi. Kijitu chake kikasogea karibu na cha mdogo wake, vikasimama bega kwa bega, na maandishi yakatokea: bonyezeni pamoja. Wakabonyeza. Mlango ukalia, ukatikisika, na ukafunguka, mwanga wa njano ukamwagika mpaka kwenye nyuso za watu waliokaa kitandani.

Kutoka upande ule wa dunia ikasikika pua inavutwa.

"Kidole, unalia?"

"Mafua haya, Dada."

"Hata mimi nimeyapata."

Mama aliwasikiliza wanawe wote wawili wanavyovuta kamasi, mmoja pembeni yake na mwingine ndani ya mashine, huku machozi yake yakimdondokea mkononi, ule wa kulia. Kisha akainama karibu na kioo, akapaza sauti ili afike mpaka huko mbali.

"Si mlango umeshafunguka? Ingieni basi, mnangoja nini, kesho?"