Zita Yuko Mlangoni

Jumanne saa kumi jioni Vicent Tluway aliipuliza kaseti ya gemu mara mbili, kama alivyoelekezwa na muuzaji wa mnadani, akaichomeka. Televisheni ilikuwa ya chogo, nzito kama gunia la mahindi, na ilikaa sebuleni kwa baba yake huko Masieda, juu ya meza ya cherehani.

Kwa miaka sita Vicent alikuwa akiandika hadithi za michezo ya video kwa kampuni ya nje ambayo hakuwahi kuiona. Alipanda kilimani penye mtandao, akaandika maneno ya mashujaa, na kwa kila swali aliandika njia mbili: mchezaji akikubali iwe hivi, akikataa iwe vile. Wiki iliyotangulia walimtumia barua pepe ya mistari mitatu. Kazi hiyo sasa ingefanywa na kompyuta. Waliongeza kwamba hadithi zake zilikuwa na kasoro moja. Katika kila mchezo kulikuwa na msichana anayerudi nyumbani, na kila mara msichana huyo alifika. Wachezaji hawakupata cha kuhangaikia.

Ndiyo sababu alinunua gemu ya zamani. Haikuwa na hadithi. Mtu mdogo wa kijani alikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, akaruka mashimo, akafa, akaanza upya.

Jioni hiyo, katika hatua ya tatu, msichana aliingia kutoka upande wa kulia akitembea kwenda kushoto. Alivaa sweta la bluu, alibeba mkeka, na tumbo lake lilikuwa kubwa. Mtu wa kijani alimpisha.

"Mama, njoo," Vicent aliita. "Zita amekuja."

Mama yake, Letisia, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga. Alitazama kwa muda.

"Hajabadilisha sweta," alisema. "Na amekonda."

Zita alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mwaka 2009 alipata mimba kabla ya kuolewa. Kwa desturi ya zamani, msichana wa namna hiyo hakuruhusiwa kuzaa nyumbani kwa baba yake wala kwa jirani. Alitakiwa kuzalia ng'ambo ya mpaka wa eneo lao, ili mashamba na mifugo visipate nuksi. Familia nyingi zilikuwa zimeshaiacha desturi hiyo. Mzee Tluway hakuiacha, kwa kuwa alijulikana kama mtu asiyerudi nyuma kwenye neno lake. Vicent, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alimbebea dada yake mkeka hadi mpakani, akamkabidhi, akarudi kula. Zita alitembea siku tatu hadi Dirma, akajifungulia kwenye banda la mbuzi la watu asiowajua, mvua ikinyesha. Hakupona yeye wala mtoto. Tangu hapo watu waliacha kumwita Letisia Mama Zita, wakamwita Mama Vicent.

Kwenye televisheni Zita alifika penye nyumba. Bati moja la paa lilikuwa na kutu, mahali palepale penye kutu kwenye paa lao. Alibisha. Chini ya picha yakatokea maneno: BABA, NIMEFIKA. Chini yake tena: FUNGUA. ACHA.

Vicent alikuwa ameshika padi, kile kishikio chenye vitufe. Alibonyeza FUNGUA. Mlango haukufunguka. Letisia alimnyang'anya, akabonyeza kwa kidole gumba, halafu kwa ngumi. Haukufunguka. Vicent aliielewa milango ya namna hiyo, maana alikuwa ameandika mingi. Humfungukia yule tu aliyeifunga. Akaunganisha padi ya pili.

Mzee Tluway alirudi na ng'ombe saa kumi na mbili. Alikaa kwenye kiti chake, akapokea padi, akaelezwa. Maneno yakabadilika: SHIKAMOO BABA.

"Marahaba," alisema.

Hakubonyeza.

Kaseti za zamani hazitunzi kitu. Umeme ulipokatika Alhamisi, Zita alianza upya safari, akafika tena Jumapili miguu ikiwa imevimba. Kuanzia siku hiyo Letisia alikataza mtu kugusa swichi. Majirani walikuja kumsalimia Zita, wakanywa chai, wakaondoka. Mwalimu Meshack, aliyehamishiwa hapo kutoka Lindi, alikaa muda mrefu kuliko wengine.

"Shikamoo mzee. Nadhani ni kile kitufe chekundu."

"Marahaba. Nakiona, mwalimu. Macho yangu ni mazima."

"Basi labda kidole kina ganzi."

"Wewe serikali ilikuleta ufundishe nini?"

"Hesabu, mzee."

"Kafundishe."

Vicent alijaribu kwa ufundi alionao. Aliandika kwenye karatasi majibu ishirini ambayo baba angeweza kumpa Zita, mengine marefu, mengine neno moja, akaiweka kwenye mkono wa kiti. Mzee aliyasoma yote, akasahihisha nukta mbili, akamrudishia.

Wiki ya pili mvua ilianza kunyesha ndani ya televisheni. Letisia alimpelekea mumewe chai bila sukari, kwa makusudi.

"Baba Zita," alisema. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka kumi na sita. "Mtoto analowa."

"Namwona."

"Huo mpaka wenyewe haupo tena. Gidamis amejenga duka juu yake."

Mzee aligeuzageuza padi mikononi.

"Nikifungua leo, Mama Zita, ina maana hata siku ile mlango ulikuwa unafunguka."

Letisia alisimama pale mpaka chai ikapoa, kisha akachukua kikombe.

Mwezi uliofuata Vicent alipata kazi ya kuvisha ng'ombe hereni za utambuzi huko Gehandu. Alibonyeza hereni sikioni, akaandika kwenye simu rangi, umri na mahali mnyama alipozaliwa. Hakuna aliyemwambia maandishi yake yana kasoro. Mwisho wa mwezi alifika Masieda kuandikisha ng'ombe wa nyumbani. Alimkuta baba yake sebuleni, padi mapajani, na ndama amelala karibu na meza.

"Huyu ni wa lini?"

"Wa juzi. Mama yake ni yule mtamba mwekundu."

"Alizaliwa wapi? Simu inauliza."

"Hapahapa ndani."

"Kwa nini ndani, baba?"

"Mvua ilikuwa kubwa. Na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Angehangaika peke yake huko nje."

Vicent aliandika: ndani ya nyumba. Zita alibisha.

"Nasikia, mwanangu," alisema Mzee Tluway. Aliweka padi chini, akainama, akamfunika ndama kwa gunia.