Maneno Yaliyomtoroka Mumbua

Mumbua alikuwa akishona mfuko wa kaptura ya shule mkono wake wa kulia ulipoanza kucheza wenyewe. Kwanza kidole gumba, kisha kiganja, kisha mkono mzima, ukirukaruka juu ya cherehani kana kwamba si wake. Aliushika kwa ule wa kushoto ukamshinda nguvu. Baada ya dakika mbili hivi ukatulia, ukawa mzito. Ndipo akataka kumwita jirani yake, Nereah, na jina likakataa kuja. Uso wa Nereah aliuona vizuri kichwani. Kilichotoka mdomoni kilikuwa ni "ne, me, ne", kama mtoto anayejifunza kusema.

Ilikuwa katikati ya Januari 2008, na Soweto West, mtaa wao wa mabanda, ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi, vile mtaa hunyamaza kabla ya mawe kuanza kurushwa. Mume wake, Kimanzi, alikuwa amekwama Machakos na watoto, Ndululu na wadogo zake, tangu Krismasi. Wakamba wenzake wengi wa pale walikuwa wamehama. Mwanasiasa wao mmoja alikuwa amepewa cheo serikalini baada ya uchaguzi uliozua vita, na mtaa, uliounga mkono upinzani, ukawaona wote wasaliti. Mumbua alibaki kulinda cherehani.

Nereah alimkuta ameketi sakafuni, mate yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

"Mama Ndululu, ni nini? Umeanguka?"

Mumbua alitikisa kichwa, akamwonyesha mkono.

Ilichukua karibu saa nzima maneno kurudi, na yalirudi vipande vipande. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nimerogwa?"

"Sijui," Nereah alisema. "Lakini hatukai hapa kungoja hali hii ikurudie."

Zahanati za karibu zilikuwa zimefungwa. Nereah alimpigia simu Kathini, dada yake Mumbua aliyeishi Kawangware. Kathini akasema kuna daktari mmoja huko, Shivachi, anayefungua mpaka saa tisa. Basi wakatoka kwa miguu. Nereah aliacha kitambulisho chake nyumbani, maana Kawangware, upande wa wafuasi wa serikali, jina la Kijaluo lingemponza.

Kwenye reli vijana wenye mapanga waliwasimamisha. Mmoja alisoma kitambulisho cha Mumbua, akainua macho.

"Huyu ni Mkamba. Anaenda wapi?"

Nereah alimjibu kwa Kijaluo, polepole, bila kumwachilia Mumbua mkono. Mumbua hakuelewa neno hata moja. Aliona tu panga likishushwa.

"Umewaambia nini?" aliuliza walipofika mbali.

"Kwamba wewe ni wangu. Huko mbele utawaambia mimi ni wako."

Walipanga hivyo. Wakifika upande wa Riruta Satellite, kabla ya Kawangware, Mumbua ataongea Kikamba, aseme ni mtu na wifi yake wanaenda hospitali, na Nereah hatafungua mdomo. Mumbua aliirudia ile sentensi moja njia nzima, chini kwa chini. Kila ilipotoka sawa alipata nguvu za kupiga hatua nyingine.

Kizuizi cha Satellite kilikuwa cha mawe na gurudumu lililokuwa likiwaka. Wanaume saba, wanane. Mzee wao aliitwa Kabiru, wenzake walimtaja.

"Semeni," Kabiru alisema. "Mtu mmoja mmoja. Lugha ya mama yako."

Mumbua alifungua mdomo. Kidole gumba cha kulia kilianza kucheza.

"Si uongee, mama."

Alijaribu. Zikatoka sauti zisizokuwa za lugha yoyote. Mmoja akacheka, mwingine akasema, "Hawa wanatuchezea." Kabiru alimgeukia Nereah. "Na wewe?" Nereah alinyamaza. Mumbua akajua kwamba mdomo wake ndio utakaomuua rafiki yake. Mkono ukaruka, kisha bega, kisha dunia nzima ikazimika.

Alizinduka juu ya kitanda chembamba. Ulimi ulikuwa umeng'atwa, nguo zimelowa. Nereah alikuwa ameketi miguuni pake, hana kiatu kimoja.

"Ulianguka," Nereah alimwambia baadaye, maneno yaliporudi. "Nikapiga nduru kwa lugha yangu. Sikukusudia. Wote wakanitazama. Nikafikiri ndiyo mwisho. Halafu yule Kabiru akakushika miguu, akawaambia wengine wakushike mabega. Mpaka mlangoni hapa. Kisha akarudi kwenye kizuizi chake."

Daktari Shivachi alimmulika macho, akamgonga magoti kwa kinyundo, akamwonyesha kalamu.

"Hii ni nini?"

"Sindano," Mumbua alisema, akajua amekosea, na hofu ikamshika upya.

"Ni kiharusi, daktari?" Nereah aliuliza.

"Sidhani. Hiki ni kifafa. Lakini kikimwanza mtu mzima ghafla hivi, kuna kitu kinachokichokoza, na mimi siwezi kukiona kutoka hapa. Lazima kichwa kipigwe picha."

"Lini?"

"Barabara zikifunguka." Akampa vidonge.

Nereah alijificha kwa Kathini siku mbili, kisha gari la kanisa likamrudisha. Mumbua alibaki pale, wiki saba zikapita. Mkono ulimrudia mara mbili. Kila asubuhi, kabla ya kuinuka, alitaja vitu vya chumbani: sufuria, pazia, ndoo. Siku aliyoikosa ndoo hakutoka kitandani.

Mwezi wa Machi, baada ya mkataba wa amani kutiwa sahihi, alipigwa picha ya kichwa katika hospitali kubwa. Daktari wa huko alimwonyesha doa dogo kama punje ya dengu: mnyoo wa nguruwe, alisema, uliojifungia kwenye ubongo, labda miaka mingi. Ungetibika. Mumbua aliuliza kama ungerudi, akaambiwa si rahisi, lakini vidonge asiviache.

Alimpigia Nereah.

"Basi rudi nyumbani," Nereah alisema. Mumbua alinyamaza, na Nereah akashtuka. "Mama Ndululu? Yamepotea tena?"

"Hapana. Maneno ninayo. Naogopa tu ile njia."

Alirudi Aprili, Kimanzi alipokuja kumchukua, na njia nzima Mumbua hakumwachilia mkono.