Unyevu Chini ya Dirisha

Mwaka mzima lile shamba lilikuwa limelala bila kupandwa kitu. Ndivyo ngano inavyolimwa penye mvua za kubahatisha: mwaka mmoja unavuna, mwaka unaofuata unaliacha shamba linywe. Unang'oa kila gugu linalochungulia, na udongo wa juu unauacha tifutifu ufunike unyevu usiibwe na jua. Mkulima na mkewe walifanya yote hayo bila kukosea. Mvua ndiyo iliyokosea njia.

Kila asubuhi mkulima alichomeka ardhini nondo yenye mpini. Penye unyevu nondo huzama, penye ukavu hugota. Ikizama urefu wa unyayo hadi goti, unapanda. Ikigota kabla ya hapo unasubiri, maana ngano iliyopandwa juu ya ukavu huota, huchungulia dunia, halafu hufa. Nao walikuwa wamebakiwa na mbegu za kupanda mara moja tu. Zikifa hizo, ndiyo basi tena, wafunge virago. Wiki nenda wiki rudi nondo iligota kwenye kimo cha kifundo cha mguu, hadi siku mkulima alipoanguka kitandani kwa homa.

Mkewe akaichukua nondo. Alianzia chini ya dirisha la chumba chao, kwa kuwa hakutaka kwenda mbali na mgonjwa. Ikazama mpaka goti.

"Mume wangu, huku nje kuna unyevu!"

"Najua," alijibu mumewe bila kufumbua macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Siku ya pili unyevu ulikuwa umefika hatua kumi kutoka dirishani. Siku ya tatu, hatua thelathini. Wifi yake, aliyekuja kumwuguza kaka yake, aliangua kicheko. "Wifi, wenzako wanaomba mvua, wewe unalala nayo chumba kimoja!"

Mke naye alicheka, lakini kicheko cha kujilazimisha, kwa sababu woga ulikuwa umeshamwingia. Mgonjwa alikuwa anamaliza mtungi wa maji kwa siku na haendi haja ndogo, hatoki jasho. Ngozi ya mkono wake ukiifinya ilibaki imesimama.

Daktari wa zahanati alikuja akamtundikia dripu mbili. "Kesho huyu ataamka anadai chakula," alisema. Kesho yake macho ya mgonjwa yalikuwa yamezama zaidi, na nondo iliingia hadi mpini, hatua mia kutoka dirishani. Mke alifukua kidogo, akashika udongo wa chini. Ulikuwa na joto, joto la mtu mwenye homa.

Alirudi ndani akaketi ukingoni mwa kitanda. "Ni wewe unayelinywesha shamba?"

"Likijaa, panda," alisema mumewe.

"Na wewe je?"

Mumewe aligeuzia uso ukutani. Mke alimtazama. Alimpenda mwanamume yule, pamoja na ubishi wake na mikoromo yake, na ngano isiyokuwa na yeye hakuitaka hata punje.

Kila mkulima wa ngano penye ukame anajua kosa moja lisilosameheka, nalo ni kupindua udongo wenye unyevu wakati jua linawaka. Saa saba mchana mke alifunga ng'ombe kwenye plau.

"Umerukwa na akili?" wifi yake alipiga kelele. "Unakausha shamba!"

"Ndiyo," alisema, akawachapa ng'ombe.

Udongo mweusi ulipinduka, ukafuka mvuke, ukapauka papo hapo. Alilima shamba zima hadi jioni. Alipochomeka nondo mara ya mwisho, haikuingia hata kidole. Ndani, mumewe alikuwa amelowa jasho chapachapa. Aliketi akaomba chai, akanywa vikombe vitatu, na mkewe akalia kwa furaha bila aibu yoyote.

Mumewe alitazama nje ya dirisha.

"Umeliua," alisema. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Asubuhi iliyofuata mke alichelewa kuamka. Jua lilikuwa limepanda. Alitaka kumeza mate, mate hayakuwepo. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Nje alisikia hatua za mumewe, hatua za mtu mzima wa afya, kisha nondo ikizama ardhini bila kugota.

Mumewe alichungulia dirishani. Aliitazama midomo ya mkewe, na mke aliona wazi kwamba ameelewa. Alijaribu kumwambia achukue plau. Sauti haikutoka.

"Pumzika, mke wangu," alisema kwa upole. "Hazitakuwa siku nyingi."

Akaondoka. Mke alitega sikio asikie ng'ombe wakifungwa. Alichosikia ni ungo: mumewe alikuwa anapepeta mbegu.